Koti la Baba Zuhura

Isevya, Alhamisi usiku

Imeshuka. Nimemgusa Zuhura shingoni mara tatu tangu magharibi, na homa imeshuka kweli.

Bado nina hasira na yule dresa wa zahanati. Mbele ya wanawake wote kaniambia, "Mama, unampika mwanao! Mvue hilo koti." Nilikuwa nimemfunga ndani ya koti la baba yake tangu jana, na blanketi juu, kwa sababu alitetemeka. Mama mkwe naye alisema homa hutoka kwa jasho. Dresa akasema mtoto hutetemeka huku mwili unaungua, na ukimfunika, joto linakosa pa kutokea. Akampa kwinini, akaniambia nimwache na kigauni chepesi na nimnyonyeshe mara kwa mara.

Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Lakini sikumweleza yote. Baba Zuhura alikwenda Tanga kukata mkonge mtoto akiwa tumboni. Hajamwona hata siku moja. Nilitaka akiumwa walau apakatwe na baba yake.

Nami pia hulinusa koti hilo, kila siku. Tumbaku yake, jasho lake.

Leo Zuhura amelitapikia njiani tukirudi, sasa linanuka matapishi na kwinini. Mama mkwe kasema, "Lifue kesho, mwanangu." Nimeitikia, "Ndiyo, mama." Kisha nimetia pua ndani ya mfuko wa kifuani. Humo bado yupo, kidogo.

Nitalifua. Ila mfuko huo nitaushika juu, usiguse maji.