Goti la Zuhura

Kihonda, Morogoro mjini

Kwako mdogo wangu Shabani,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, joto la huku bado halijaniua ingawa linajaribu. Kifua chako vipi? Usinijibu kwamba kimepoa na huku bado unavuta, maana dereva wa lori la kabichi kaniambia ulikohoa mbele yake mpaka akakushikia kofia. Na maharage yangu ya bondeni umeyapalilia, au umeyatazama tu?

Naandika kwa mkono wangu. Shule yangu unaijua ilivyokuwa fupi, kwa hiyo usinicheke herufi. Ningepiga simu, lakini wewe ukishika simu unapiga kelele mpaka walio ng'ambo ya korongo wanasikia, na haya ya leo si ya kupigiwa kelele. Soma peke yako kwanza, kisha msomee binti yangu Mwajuma. Yeye ndiye mama wa Zuhura, na kama asingekuwa na kichanga mgongoni angekuwa yeye huku, si mimi na miguu yangu hii.

Zuhura hajapona. Nasema hivyo kwa sababu nasikia huko mnasema kapona, anadeka tu mjini na bibi yake. Lile robota la tumbaku lililomwangukia kiwandani lilivunja mfupa, mfupa ukaunga, plasta ikatolewa, kila mtu akasema alhamdulillahi. Lakini mfupa ni mfupa na goti ni goti. Akisimama asubuhi, mchana limevimba kama papai. Na kazi yake ni ipi? Kusimama na kuvuta marobota.

Sasa kuna watu wa fidia. Mtu akiumia kazini, madaktari wanakaa wanampima, wanaamua mwili umepungukiwa kiasi gani, na wanakitaja kwa asilimia, kama vile mtu ni debe la mahindi. Wakiona umepungukiwa, unalipwa. Wakiona hukupungukiwa, unarudishwa kwenye marobota, na ukishindwa utajijua mwenyewe.

Mara ya kwanza Zuhura aliingia peke yake, mimi nikaachwa kwenye benchi. Akamkuta mzee mmoja mwenye mvi, daktari, na mwenzake. Unajua mtoto yule nimemlea mimi. Kwetu mtoto wa kike haamkii mkubwa akiwa wima kama mlingoti. Fimbo yake kaiegemeza mlangoni, kaenda mbele, kapiga goti, "Shikamoo baba." Mzee kafurahi, "Marahaba mwanangu, umelelewa." Kainuka mwenyewe huku anatabasamu, meno kayakaza. Wakamwuliza, "Unaendeleaje?" Akajibu, "Vizuri, namshukuru Mungu." Wewe ulitaka ajibu nini? Ndivyo mtu anavyojibu. Wakamlaza, wakamgusagusa, wakamwambia nenda.

Majibu yalipokuja, mama mmoja wa ofisi pale kiwandani ndiye aliyetusomea. Eti ameonekana akikunja goti na kusimama bila msaada, na mwenyewe amesema anaendelea vizuri. Kazi yake ya zamani anaiweza. Nikacheka, Shabani. Yule mama akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo alikuwa anaamkia! Hakuwa anapimwa!" Akasema yeye anasoma tu kilichoandikwa, ila tukitaka tunaweza kuomba apimwe upya. Akatuelekeza vizuri, sina ugomvi naye.

Zuhura akajaribu kurudi kazini maana ni mbishi, kakufuata wewe. Haikufika wiki akaletwa nyumbani na wenzake wamemshika huku na huku.

Hapo ndipo dereva akaniletea maneno yako. Eti nimwambie mtoto atie chumvi, alie, aingie amebebwa. Nilisikia aibu mbele ya dereva. Mtu mzima unamfundisha mtoto kujifanya kiwete, na kiwete tayari tunaye ndani! Huyu hakuhitaji uongo. Alichohitaji ni kusema kweli, na kweli yenyewe ndiyo haitamkiki. Choo chetu hapa ni cha kuchuchumaa. Hawezi kuinuka. Mimi namshika mikono namvuta, bibi kizee na mwanamke mzima, tunahema wote wawili. Nikamwambia, hili ndilo la kuwaambia madaktari. Akaziba uso na kanga. "Bibi, mambo ya chooni niyaseme mbele ya wanaume?"

Siku ya kupimwa tena nikamwambia kabla hatujatoka, "Leo hupigi goti."

"Bibi! Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mgonjwa. Ndicho tunachokifuata."

Safari hii niliingia naye, na aliyenizuia mlangoni alijuta. Ndani palikuwa na daktari mwanamke, mtu mzima kidogo, na kijana mmoja wa kiume aliyenyoa vizuri. Zuhura akasimama na fimbo yake. "Shikamooni." Sauti nyembamba kama ya kifaranga. Halafu nikaona mwili unaanza kushuka wenyewe, mazoea hayo. Nikamdaka nguo kwa nyuma. "Simama!"

Wote wakashtuka. Daktari akauliza, "Mama, kuna nini?"

Nikasema, "Mtoto huyu ana adabu, msije mkamdhania vibaya. Mimi ndiye nimemkataza. Mara ya kwanza aliwaamkia wenzenu kwa heshima, wakaihesabu heshima yake kuwa ni goti zima."

Kijana akapekua karatasi zake akasema, "Lakini imeandikwa alikunja."

"Alikunja! Na wewe nikikukanyaga kidole utakunja uso, utakuwa unacheka?"

Yule mwanamke akajizuia kucheka, nilimwona. Akaweka kalamu chini. Akasema hata kwao wasichana wanapiga goti, na yeye mwenyewe akienda kwa wakwe anapiga, udaktari anauacha getini. Kisha akamgeukia Zuhura akauliza taratibu, "Choo mnachotumia kikoje?"

Zuhura kainamia sakafu. Mimi nikafungua mdomo, na yule daktari akanikatiza. "Mama, mwache aseme mwenyewe."

Mimi! Kukatizwa na mtoto wa juzi! Lakini nilinyamaza, Shabani, andika hilo mahali. Daktari akamwambia yule kijana akamwite muuguzi, na kijana akaelewa, akatoka na hakurudi haraka.

Basi Zuhura akasema. Kwanza kwa kukatakata, baadaye likafunguka lote. Kwamba chooni anavutwa na bibi yake. Kwamba ndoo ya maji hawezi kuitua chini. Kwamba kupanda ngazi anapanda kama mtoto, mguu mmoja unaungoja mwenzake. Halafu akasema jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui jinsi linavyomuuma. "Naswali kwenye kiti. Sijaweka paji la uso chini tangu niumie." Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyemfundisha.

Daktari alimngoja amalize. Kisha akampima sawasawa. Ana kirula fulani cha kukunjuka, anakiweka kwenye goti kusoma linapokomea. Akamwambia ainuke kwenye kiti bila kushika popote, akashindwa. Akamwambia achuchumae polepole na aseme linapoanza kuuma, na Zuhura akasema, "Hapa," na hapo hata nusu hajafika. Akamwuliza, "Na siku ile ulifikaje chini?"

"Nilivumilia."

"Na baadaye?"

"Baadaye sikutembea siku mbili."

Daktari akaandika sana. Akatuambia kitu ambacho nimekitafakari mpaka leo. Anasema wao wanamwona mtu kwa muda mdogo tu, na mtu asiposema anavyoishi siku iliyobaki, wanaandika kile walichokiona. Yule mzee wa kwanza hakuwa mbaya. Alifurahia kuamkiwa, basi. Nilitaka nimchukie nikashindwa.

Majibu yametoka. Wamekubali kwamba goti halitarudi lilivyokuwa, na kwamba asirudishwe kwenye marobota wala kazi ya kusimama. Atalipwa kwa sehemu aliyopungukiwa. Si nyingi, na mtu asianze huko kupanga mabati. Kiwandani wanasema wanamtafutia kazi ya kukaa, wakiipata. Wakiipata! Mimi naenda kila mara kuwaulizia, wamenichoka, na wataendelea kunichoka. Lakini Zuhura siku ile alitoka mle ndani anatembea kwa fimbo yake bila kuificha nyuma ya gauni kama alivyokuwa anafanya.

Nisalimie Mwajuma, umwambie mwanawe ana moyo kuliko sisi wote, na kichanga akifunge kifua, baridi ya huko naijua. Nisalimie mkeo, nimesikia anawalisha kuku wangu vizuri, Mungu ampe. Mwalimu wa madrasa umwambie Zuhura anamwulizia, na amwombee dua. Jirani yetu fundi seremala mwambie atengeneze kiti cha choo, cha mbao, chenye tundu katikati na mikono miwili, akiweke imara. Asiulize ni cha nani, na wewe usimwambie.

Maana tunakuja kabla ya mfungo, akapumzike na mama yake. Na wewe ndiye mkubwa wa kiume pale, babu yake, watu watatazama unachofanya. Wapo mashangazi watakaonuna na kusema mtoto kaenda mjini kaharibika. Waambie wakanunie mbali. Atafika kwako, atasimama wima na fimbo yake, atasema shikamoo babu. Asishuke hata kidogo. Wewe inuka ulipokaa, umfuate, umwitikie.

Ni mimi dada yako,
Bi Tatu