Jiwe la Macalder Limesukumwa Mara Mbili

Doha, wiki ya pili baada ya Pasaka

Kwa ndugu yangu Oduor,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Goti la Mama linaendeleaje, na mvua imefika Rangwe au bado inawazungukia wengine? Mimi niko mzima, nimenenepa hata mkanda wa yunifomu umeomba likizo. Hapa hotelini mimi ndiye mkubwa wa lango la tatu. Wenye magari ya milango inayofunguka juu kama mabawa wananisalimu kwa jina, na mimi niliishia darasa la saba. Waambie walionicheka.

Naandika kwa sababu kwenye simu utanichekesha, na hii hasira yangu bado naitaka. Barua anakuletea jamaa wa Ndhiwa anayekuja likizo. Umpe chai.

Oduor, umeniuza.

Lile jiwe unalijua. Baba alichimba dhahabu Macalder miaka sita, akarudi nyumbani na jiwe. Kila Ijumaa Kuu tulifunga msalaba wa vijiti, tukauvika leso ya Mama, tukauzika nyuma ya migomba, naye akafunika kwa jiwe lake. Jumamosi hakuna kupiga kelele upande ule. Jumapili asubuhi analisukuma, tunachungulia, tunakuta leso peke yake imekunjwa vizuri, na msalaba uko mlangoni umejaa maua, maana Mama ameshauhamisha sisi tukiwa usingizini. Hapo tunaimba "Amefufuka" mpaka kuku wanakimbia. Baba alipofariki jiwe likawa langu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kwetu hata mbegu huwezi kutia shambani kabla mimi sijatia zangu. Leo umenitangulia kwa Yesu?

Ijumaa ulinitumia picha ya jiwe, ukaandika, "Linakungoja, mkubwa." Huku Jumapili ni siku ya kazi kama Jumanne. Nilimbembeleza Mnepali mmoja anishikie lango, nikamweleza habari yote ya kaburi kwa Kiingereza cha mikono. Akauliza, "Na kwenu nani anasukuma jiwe?" Nikajipiga kifua. Nikapiga pasi shati, na saa moja kamili nikapiga simu. Nikawasomea watoto Yohana bila kukwama hata mara moja. Nikasema, "Haya Oduor, sukuma kwa niaba yangu." Ukasukuma. Watoto wakashangilia. Nililia, sikufichi.

Ndipo Atieno wangu akasogea kwenye simu, mdomo umejaa mandazi. "Baba, leo Yesu amefufuka mara mbili. Baba mdogo alishatoa jiwe kabla hujapiga. Halafu tukamrudisha."

Mmemrudisha Yesu kaburini ili mimi nifurahi. Na shemeji yako, nyar Kisegi, mke wangu wa ndoa, ndiye aliyekunja leso mara ya pili. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mwenye jiwe.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba mimi si mtu wa kuchezewa sinema. Nawe ukatoka na simu mpaka kwenye zizi, ukasema polepole, "Ochieng, mwaka jana tulikungoja mpaka saa saba mchana. Hakuna aliyegusa jiwe. Atieno alilala chini kando yake akilia, eti Yesu amebaki ndani kwa sababu Baba hajapiga. Hatukutaka kukuambia."

Nikakata simu. Mwaka jana niliongezewa zamu, na simu ilikuwa imefungiwa kabatini. Nilidhani mliendelea bila mimi, na hilo peke yake liliniuma mwaka mzima.

Bado nimekasirika. Mimi ninayesimama mbele ya mawaziri, ningeshindwa kusimama mbele ya neno moja la mdogo wangu? Ungeniambia. Siku tatu Mnepali ananiuliza jiwe lilikuwaje, namjibu lilikuwa zito.

Lakini nimeisoma tena ile Yohana niliyojidai nayo. Maria alipofika alikuta jiwe limeshaondolewa. Hakuuliza nani mkubwa.

Kwa hivyo sikia amri ya kaka yako. Mwakani Atieno ndiye asukume jiwe. Wewe msaidie kwa nyuma, bila yeye kujua. Jua likichomoza tu, aanze. Nikipata simu saa moja, sawa. Nikipata saa saba, yeye atanisimulia alichokuta.

Msalimie Mama, mwambie goti alipake ile dawa niliyotuma, asiigawie majirani. Msalimie katekista, umwambie nimesoma bila kukwama, mengine usimwambie. Nyar Kisegi mwambie nimemnunia mpaka Jumapili ijayo, baada ya hapo nitachoka. Atieno mbusu kwenye paji la uso, yeye peke yake hakunidanganya.

Na wewe Oduor, nakupenda na ubaya wako. Ila nikichelewa tena, msimrudishe kaburini kwa ajili yangu.

Ni mimi mkubwa wako,
Ochieng wa lango la tatu