Mashine ya Kusaga na Sombe ya Mama Furaha

Jumatatu, 7 Julai

"Sisi hatumtozi mnunuzi hata shilingi moja, kwa hiyo hatuna sababu ya kumpendelea mtu." Ndivyo alivyoandika Aline kwenye tovuti yake ya kulinganisha bei, kwa herufi nene. Nimenakili neno kwa neno ili baadaye nisisingiziwe.

Upuuzi. Asiyemtoza mnunuzi anamtoza muuzaji. Hakimu anayelishwa na upande mmoja anajisifu kwamba upande wa pili haukumgharimia kitu.

Asubuhi nimeandika ubao wa njia panda, kama kila Jumatatu. Chaki nyeupe kwa habari, nyekundu kwa hoja zangu. Siku ya mgao wa chakula. Ng'ombe aliyepotea. Chini kabisa, mahali pazuri pa kula, kwa ajili ya wageni wanaotoka Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, wakiwa hawajui mtu hapa kambini. Kisha sombe, yaani kisamvu, kwa Mama Furaha. Ameniongezea kipande cha samaki, kama kawaida yake. "Ya chaki hiyo, Mwalimu." Mwanamke mwenye heshima zake.

Jambo lenyewe ni hili. Chama cha akina mama, ambacho mke wangu Nabintu ni mwenyekiti wake, kimeweka akiba miaka miwili ili kununua mashine ya kusaga mahindi. Sasa hivi wanasaga kwa yule bwana wa kilimani. Unga unarudi pungufu, mawe yanarudi yamezidi. Tovuti ya Aline imewaambia kwamba mashine bora mjini Mbarara iko kwenye duka la milango ya bluu. Wanataka kutuma fedha zote Ijumaa, hawajaiona hata kwa macho. Wakikosea hawana nyingine.

Nimetumia chaki nyekundu: ALIYE NJE YA ORODHA AMEHUKUMIWA BILA KUSIKILIZWA. Watu wengi wamesimama kusoma. Mmoja ameniuliza kesi itasikilizwa lini.

Jumatano, 9 Julai

Aline amekuja nyumbani. Binti wa shemasi wetu, amesoma Mbarara, anatembea na kompyuta begani kama wenzake wanavyobeba watoto. Hakuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha hoja saba. Tatu za kwanza alizisikiliza akinywa chai.

"Mwalimu, maduka yote yananilipa kamisheni moja, mutu akishanunua. Sipendelei mutu."

"Sasa ile ya milango ya bluu iko ya kwanza juu ya nini?"

"Batu banainunua mingi."

"Banainunua mingi juu ya nini?"

Alifikiri. "Juu iko ya kwanza."

Hakucheka. Nilicheka kwa niaba yetu wawili.

Nikamuuliza kuhusu maduka yasiyotaka kumlipa. "Ile haimo," akasema, kama mtu anayesema leo hakuna mvua. Yaani kwake duka lisilotoa kamisheni halipo duniani. Na huyu tulimsomesha.

Akiwa mlangoni akaniuliza nani ananilipa mimi kwa ajili ya ubao. Nikamjibu hakuna. Akatazama juu kidogo, kwenye paa, kama anayehesabu mabati. Sikupenda.

Ijumaa, 11 Julai

Mkutano wa chama. Nimezungumza dakika arobaini. Nabintu anasema saa nzima na zaidi. Fedha hazikutumwa. Ushindi.

Ila ushindi umekuja na mzigo. Wameamua niende Mbarara kesho mwenyewe, nipite maduka yote, nilete ripoti Jumatatu. Wamenipa nauli. Sikuweza kukataa, maana kwa saa nzima nilikuwa nikisema mtu aende.

Aliyepinga ni mmoja tu, Mama Neema, yule anayeuza chakula upande wa pili wa njia. Alisema, "Mwalimu ataangalia mashine, ao ataihubiria?" Wenzake walicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani ana kinyongo na mimi. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Julai

Nimechoka. Nimejaa soda. Nimedhalilika. Naandika kwa mpangilio huo.

Nilifika Mbarara mapema. Nikapata mwendesha pikipiki aitwaye Musinguzi, mpole, mwenye kofia mbili safi. Nikamwambia anipeleke kwenye maduka yote ya mashine za kusaga. "Yote," nikarudia. "Yote, sebo," akajibu, kwa neno lao la bwana.

Tulikwenda manne. Kila duka nilipewa kiti kabla sijasalimia, na soda kabla sijauliza bei. Nilifurahi. Nikaandika kurasa nane: rangi, uzito, injini, bei, adabu za muuzaji. Huku ndiko kulinganisha, nilijiambia. Macho ya mtu huru, miguu ya mtu huru.

Mara tatu tulipita mbele ya duka dogo lenye mashine moja nje na mzee mmoja kwenye ngazi. Mara tatu niliuliza. Mara tatu Musinguzi akaongeza mwendo. "Ile hapana, sebo. Ile mzee mbaya."

Duka la mwisho lilikuwa la milango ya bluu. Lazima niseme kweli: mashine yake inang'aa. Niliondoka nikiwa tayari nimeridhika, nikasahau miwani. Nikarudi. Nikamkuta muuzaji akimtia Musinguzi fedha mkononi.

Musinguzi hakushtuka hata kidogo. "Mimi naleta mtu, wao nanipa kitu. Maduka yote nanipa. Wewe ulifikiri soda inatoka wapi?"

Nimesoma vitabu vingi maishani. Hakuna kilichonitayarisha kwa swali hilo.

Nikaenda kwa yule mzee kwa miguu. Hakusimama. Hakunipa kiti. Nikamuuliza kama huwa anatoa kamisheni, akajibu kwamba hata ndugu yake hampi. Nilimpenda papo hapo. Hapa ndipo ningetaka kuandika kwamba nilikuta mashine bora kuliko zote. Sivyo. Ina kutu, mkanda wake umeshonwa kwa mpira wa baiskeli, na bei yake inazidi ya wote. Shajara hii hainilipi niseme uongo.

Kwa hiyo ripoti yangu ni ipi? Milango ya bluu. Chaguo la Aline. Kutoka Isingiro hadi nyumbani nilitafuta namna ya kuliunga mkono duka lile bila kumuunga mkono yeye. Haipo.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nimemweleza Nabintu kila kitu, hata soda. Alicheka mpaka akaweka chini ndoo ya maji. Akacheka tena alipoibeba.

Nikakasirika. Nikasema angalau mimi nimegundua mfumo ulivyo. Kutoka mtandaoni hadi kwenye pikipiki, kila anayekuonyesha njia amelipwa na mwenye mlango. Hakuna aliyedanganya. Aline anaamini anachosema. Musinguzi pia. Ubaya hauko kwenye neno la uongo. Uko kwa yule asiyetajwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda kumtazama. Niliona nimesema vizuri sana. Nilitafuta kalamu.

Nabintu akaniacha nimalize. Kisha: "Baba Espé, chakula ya muzuri ni ya nani?"

"Ya Mama Furaha. Imeandikwa ubaoni."

"Ya Mama Neema ulishaonjaka?"

Nikarudi kutafuta kalamu.

"Hata siku moja?"

Hata siku moja. Miaka miwili nimeandika jina moja. Mama Neema hakuwahi kuniletea kipande cha samaki, nami sikuwahi kuvuka njia. Nabintu akaniambia jambo ambalo naona kila mtu alikuwa analijua. Mama Neema alianza na meza nne. Sasa amebaki na benchi moja. Wageni wakitoka Kabazana wanasoma ubao, wanageukia kwa Mama Furaha, wanazoea huko. Wanasema Mwalimu ni mtu wa kweli.

Sikula mchana. Si kwa toba. Sikujua nikale kwa nani.

Jumatatu, 14 Julai

Ubao nimeuacha mtupu. Nimevuka njia.

Mama Neema alinitazama nikikaa. "Mwalimu, leo umepotea fasi?"

Nikasema sikupotea mahali, nimekuja kula. Akaleta sombe. Nilitaka sana iwe bora kuliko ile ya ng'ambo, ili adhabu yangu itimie. Siwezi kusema. Ina pilipili, na mawese yake ni mengi kuliko niliyozoea. Ulimi wangu umelishwa na upande mmoja miaka miwili. Si shahidi tena.

Kisha akaleta kipande cha samaki ambacho sikukiagiza. Nikakataa. Nikamweleza msimamo wangu mpya kuhusu samaki wa bure. Akasema kwao mgeni wa kwanza wa asubuhi hapewi sombe tupu, na nikikirudisha nitakuwa nimemtukana mara ya pili. Mara ya kwanza hakuitaja. Nikala samaki. Sijui mtu anawezaje kuwa huru katika kambi hii.

Mchana, mkutano. Aline pia aliitwa. Nimesema yote: Musinguzi, soda nne, mzee mwenye kutu, milango ya bluu, na mwisho Mama Furaha na kipande chake. Mama Furaha alikuwa ananitazama kama mtu aliyeibiwa mchana.

Nilingoja Aline anicheke. Alikuwa ameinama tu kwenye kompyuta yake.

Mama Neema akauliza, "Mahindi ulipeleka?"

"Mahindi gani?"

"Ya kusaga. Ulienda kuangalia mashine ya kusaga, mahindi ulipeleka?"

Kurasa nane. Rangi, uzito, adabu za muuzaji. Hakuna hata punje moja iliyopita ndani. Nikamgeukia Aline. Naye hajawahi kuona hata mojawapo ikizunguka. Hukumu yake na yangu zilikuwa za mashine zilizonyamaza.

Wameamua Nabintu na Mama Neema waende Alhamisi, na beseni la mahindi ya shamba la chama. Mimi sikupewa kazi. Hakuna aliyeniuliza maoni.

Alhamisi, 17 Julai

Wamerudi wamechoka, wamejaa vumbi la unga, wanacheka.

Hawakupanda pikipiki. Walizunguka kwa miguu, beseni kichwani kwa zamu. Walikataa viti. Walikataa soda, jambo ambalo, anasema Nabintu, liliwatia wauzaji hofu kuliko bei waliyoitaja. Kila duka walisema neno moja: washa. Vikombe viwili vya mahindi, wanangoja, wanaushika unga kwa vidole, wanauonja, wanaufunga kwenye karatasi na kuandika alama.

Milango ya bluu walisema mashine si ya kujaribiwa. Mama Neema akakaa chini mlangoni, beseni mapajani, wateja wengine wakaanza kuuliza kuna nini. Ikawashwa. Unga ulitoka wa moto, na pumba zimo. Kwa mzee wa ngazini mkanda uliruka kabla kikombe cha kwanza hakijaisha, naye akayalaumu mahindi. Kwa hiyo aliyeachwa nje ya orodha hakuwa shujaa. Lakini hilo sasa tunalijua. Hatukuambiwa.

Waliyonunua ni ile ya tatu kwenye orodha ya Aline. Kwenye daftari langu nimeandika kuihusu hivi: "Kiti kibovu. Soda ya moto." Basi. Injini sikuitaja.

Tumekula ugali wa unga wake. Laini. Nimerudia mara mbili bila kutoa hoja.

Jumatatu, 21 Julai

Mashine imesimikwa jana. Asubuhi naisikia kutoka njia panda. Inakohoa kidogo inapowaka, kisha inatulia.

Aline amepita na kompyuta begani. Amebadilisha tovuti. Kando ya kila duka ameandika kama linamlipa au halimlipi, na kama amewahi kuiona mashine ikisaga. Kwa mengi ameandika "bado". Mzee wa ngazini yumo, mwisho kabisa, pamoja na habari za mkanda. Ule mstari wenye herufi nene kuhusu shilingi moja ameufuta. Kamisheni bado anapokea. Nikamwambia hiyo bado ni kasoro. Akaniuliza kama wakulima watamlipa yeye kwa kuulizia bei. Swali lake nimeliandika hapa ili lisinipotee.

Nimekula kwa Mama Furaha. Sombe, bila samaki. Amepokea hela bila kunitazama. Alivyokuwa akifuta meza nikaona mikono yake imezeeka, nami nilikuwa sijaiona, maana nilikuwa naangalia sahani. Kesho nakula kwa Mama Neema. Keshokutwa kwa yule Mrundi wa karibu na kisima. Nitaendelea hivyo mpaka ulimi urudi.

Ubao nimeandika kwa chaki nyeupe tu. Mgao wa chakula, Ijumaa. Ng'ombe amepatikana. Mahali pa kula: majina yote, kwa mpangilio wa kutoka barabarani, na kando ya kila jina, nimekula mara ngapi na nani alilipa. Chini yake nafasi ilibaki ndogo, nikaandika kwa herufi za kubana:

Ninyi mnaotoka Kabazana leo na hamjui mtu hapa: msiniamini kwa sababu naandika vizuri. Niulizeni nani alinilisha. Kisha vukeni njia, mkaonje wenyewe.