Kadi Iliyosema Nimeungua Nyumbani

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, ila mgongo wangu tu, na huo unaujua. Mkono unaendeleaje? Unapata usingizi? Mwambie Mama asikulishe kwa kijiko, una miaka ishirini na sita na mkono wa kushoto ni mzima.

Hapa kazini, kwenye dobi yetu, mashuka ya hoteli na ya hospitali hayapungui. Rola yako ya kunyooshea kapewa yule mnene wa zamu ya mchana, anaisogelea kama mtu anayemsogelea mbwa asiyemjua. Ubao wa getini umefika siku 291 bila ajali. Zimebaki tisa zitimie mia tatu, kila mtu apate blanketi lake la zawadi. Wenzako wanakushukuru kwa kutotuangusha. Ningekuwa wewe ningedai mawili.

Meneja wetu, Bwana Tabasamu, anakuulizia kila asubuhi. Ana karatasi ya kusaini, nitakutumia. Anasema matibabu yote ni juu yake, na nafasi yako ipo hadi upone. Mtu akikuuliza, ni yale yale tuliyomwambia nesi: sufuria ya maji ya moto, jikoni kwetu.

Ugua pole, kipenzi.

Dada yako

19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Mama hajambo, anakusalimu, na kijiko bado anacho.

Samahani kwa mwandiko, ni wa kushoto. Bandeji zimetoka. Vidole viwili havikunjiki, dada. Daktari wa huku ameviminya, akanitazama, akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akaviminya tena.

Usinikasirikie kwa ninayokuambia sasa. Nilikwenda ofisi ya msaada wa kisheria, ile iliyo nyuma ya posta. Kuna mwanasheria mmoja mama mtu mzima, mkali, anakula karanga huku anakusikiliza, unadhani hayupo na wewe kumbe kashika kila neno. Kwanza kasema nisisaini chochote chenye maneno "sitadai tena". Halafu akanieleza nina njia mbili. Ya kwanza ni fidia ya wafanyakazi. Hiyo haiulizi nani kakosea, inauliza tu kama niliumia kazini. Ya pili ni mahakama, na huko lazima ionekane mwajiri alizembea. Zote mbili zina muda wake. Tarehe aliyonipa mimi ya kupeleka madai ya fidia ni 12 Mei.

Nikamtolea kadi ya hospitali. Akaisoma, akaacha karanga. "Mwanangu, hapa pameandikwa umeungua nyumbani. Na daftari la ajali la kazini?" Nikamwambia hatukuandika. Akaniuliza kwa ajili ya nini. Dada, niliona aibu kutaja blanketi.

Anataka shahidi aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni wewe. Wewe ndiye uliyeizungusha rola kinyumenyume ukautoa mkono wangu.

Nakusubiri.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni na hali ya huko.

Nimeisoma barua yako chooni, kwa kuwa humu siku hizi kuta zina masikio. Huyo mwanasheria kamwandikia Bwana Tabasamu! Niliitwa ofisini. Hakufoka, unamjua, alitabasamu mpaka magego. Akaniuliza, "Ndugu yako ana tatizo gani nasi?" Nikasema sijui. Nikarudi kwenye mashuka.

Sasa nisikilize. Dawa za Mama zinatoka wapi? Wanangu wawili wanasoma kwa mshahara wa nani? Mimi ni msimamizi wa zamu, nikifungua mdomo nimejichimbia kaburi, na hakuna dobi nyingine itakayonichukua. Na wewe pale hospitali ulikuwepo, nesi aliandika mbele yako, ukaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekushika ulimi.

Karatasi hii hapa ndani ya bahasha. Saini, irudishe, yaishe. Nakuomba kama dada yako.

Dada

25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui kama mgongo wako ni mzima, maana huandiki. Nilikutumia barua mbili fupi, kimya. Mama ananiuliza tumegombania nini. Namwambia posta wamelala.

Sikusaini. Nimeisoma karatasi yako mara nne. Ule mstari upo, chini kabisa, kwa herufi za mchwa: sitadai tena, wala mimi wala warithi wangu.

Ni kweli niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa naumwa hadi naona giza, na wewe ulishasema. Ningekukanusha mbele ya nesi?

Mwanasheria aliniuliza kama nina maandishi yoyote yako yanayotaja ajali. Barua yako ya Machi ninayo chini ya godoro. Nikamwambia sina. Nimemdanganya mtu pekee anayenisaidia, dada, na usiku sikulala. Kasema pia kwamba madai ni juu ya mwajiri, na kwamba msimamizi akifanya alichoamriwa, anayejibu ni mwenye dobi. Sijui kama hilo litakutuliza.

Nina swali moja. Ile kamba ya dharura iliyo juu ya rola, niliivuta kwa mkono wa kushoto. Niliivuta kweli. Mbona mashine haikuzima?

Zimebaki siku kumi na saba.

Mdogo wako

7 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu za kukuletea, nikupe jibu.

Haikuzima kwa sababu niliifunga mimi. Tangu Januari kila shuka likivimba lilikuwa linaigusa kamba, rola inazima, kazi inalala. Bwana Tabasamu akasema, "Fanya utakavyofanya, nisiione inazima tena." Nikachana ukanda wa shuka bovu nikaifungia swichi ya kamba hiyo isizime. Nilijua. Kila siku nilipokukabidhi mashine ile nilijua, na nilikuwa nakutania habari za uvivu wako.

Pale hospitali sikusema nyumbani kwa ajili ya blanketi. Nilisema kabla hujafumbua mdomo, kwa kuwa niliogopa watakuja kuangalia kamba. Wewe unalia, mimi najiokoa. Nimekaa na jambo hili miezi miwili.

Jana saa ya mapumziko nilivua aproni nikaenda kwa mkaguzi wa kazi. Nimeeleza yote, nikaapa, nikasaini. Nakala hii, mpelekee yule mama. Na barua yangu ya Machi mpe pia, usinifichie tena. Mkaguzi alifika leo na kuikuta swichi bado imefungwa. Jioni Bwana Tabasamu kaniambia nisirudi kesho. Hakutabasamu.

Nimejifunza kuandika maneno mengi leo, ila lile moja la kukuomba sijui nilianzeje.

Dada yako, kama bado

11 Mei

Dada,

Shikamoo.

Madai yamepelekwa leo asubuhi, na muhuri umegongwa mbele yangu. Mwanasheria kasema kadi peke yake haitatuangusha tena. Kasema pia ukifukuzwa kwa kusema kweli, hilo nalo lina njia yake, uje akueleze, na usisaini chochote. Kuhusu uongo wangu wa barua kanitazama tu, akanisogezea karanga.

Mama nilimsomea maelezo yako. Alipofika pale pa ukanda wa shuka akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda uani, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mimi nina hasira na wewe. Nikivitazama vidole hivi hasira inapanda upya, na sitakudanganya kwamba imekwisha. Sijui itakwisha lini. Lakini wachukue watoto, njoo nyumbani, nikukasirikie mbele yako. Kwa barua nachoka, mkono wenyewe ni mmoja.

Mdogo wako