Makaburi Mawili ya Baba

Chapwa, Tunduma
Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Yonasi, na mguu umepoa tangu ulipoacha kubeba viazi. Mimi mwanao Ikupa sijambo, ila vumbi la malori linanikaa kifuani. Najua utashangaa kuletewa barua na konda wakati simu ipo. Lakini kwenye simu wewe hucheka, unaniuliza kama nimekula, na maneno yangu yanaishia hapo. Barua utaisoma sebuleni baada ya sala, kama ulivyozisoma za baba alipokuwa migodini Zambia, na jambo lililoandikwa hujawahi kulifanyia mzaha.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu ni nini hasa, nami nikajibu katuni ili yaishe. Mama, katuni zetu hazina sungura wala fisi. Zina mahali tu. Mimi na Othmani, yule kijana wa Tanga niliyekwambia habari zake, tunaipa kompyuta picha nyingi za sehemu moja, nayo inaijenga upya mpaka unaweza kutembea ndani yake. Halafu tunaichezea. Unaingia jikoni kwa kupita ukutani, moshi unasimama wima usiende popote, paa linafunuka na mlima unakaa juu ya kitanda. Othmani anasema mahali penyewe ndipo penye kisa, mtu haitajiki. Mimi nilimwambia kwetu Ibaba mahali bila mtu ni pori.

Basi mwaka huu tukaamua kujenga nyumbani kwetu. Nilichukua picha alizopiga Yonasi tulipomaliza matanga ya baba, nikaziunganisha na za Pasaka hii, mlipopaka kaburi chokaa. Nyumba ilikaa vizuri, mpaka ile benchi yako ya mlangoni. Kanisa la ng'ambo ya bonde nalo likakaa. Lakini huko juu kwenye migomba, kaburi la baba lilitokea mara mbili. Moja pale tulipomzika, la pili chini kidogo mteremkoni, karibu na jiko.

Nilipoliona nilitoka nje nikasimama barabarani kati ya malori. Unajua kwetu kaburi halichimbwi kabla ya msiba. Anayelichimba mapema anaita kifo. Na mimi nilikuwa nimetengeneza kaburi la pili kwa mkono wangu, kando ya mume wako. Nilijua ni la nani. Nikafunga na kusali, na kwako sikusema neno. Othmani alilipenda, akataka libaki liwe sehemu ya filamu. Nikagombana naye, nikalifuta, nikaotesha majani juu yake, filamu ikapendeza. Nikadhani nimekuokoa.

Kisha wiki iliyopita ukaniambia kwenye simu, huku ukicheka, kwamba mlango wa chumba chako unagoma tena kufunga, na Yonasi ameupiga randa kwa mara nyingine. Ukasema nyumba inazeeka kama wewe. Ukasema pia maji ya kisimani yametibuka na mvua haijanyesha. Nilimsimulia Othmani tu kwa mazungumzo. Yeye hakucheka. Alifungua nakala ya zamani, ya kabla sijalifuta kaburi, akayasogeza makaburi mawili mpaka yakalaliana. Yote mawili yana pengo lile lile kwenye mkono wa msalaba, pale Yonasi alipogonga na jembe. Akaniambia, "Dada Ikupa, hili kaburi ni moja. Limehama."

Tukaangalia vizuri. Mparachichi nao ulikuwa mara mbili, na choo, na ile migomba yote. Kila kilicho upande wa juu wa nyumba kimeteremka kati ya matanga na Pasaka, mama. Kompyuta haikukosea, wala halikuwa jambo la kichawi. Mlima wenyewe unashuka, na sasa umeanza kuusukuma ukuta wa chumba unacholala. Mlima ulinipa dalili na mimi nikaifukia kwa majani. Naogopa mno. Novemba mvua zinaanza.

Nakuomba uhamie kwa shangazi Alinanuswe kule kwenye mgongo wa kilima, penye ardhi imara, wewe na Yonasi, na mbuzi. Yonasi, ukisoma hapa, usimsubiri mama akubali, anza kubeba vitanda. Mwambieni na mwenyekiti wa kijiji, ili majirani wa chini nao watoke.

Najua utakachojibu. Utasema uliapa kutomwacha baba peke yake pale. Mama, baba hayupo tena pale tulipomzika. Ameshaondoka, anateremka na mlima wote mgongoni, anakuja kwenye chumba chako. Safari hii usimfungulie.

Nisalimie shangazi, ukiwa tayari umeshafika kwake.

Ni mimi mwanao,
Ikupa