Gari Lililofika Bweni Kinyumenyume

Mabawa, Tanga.
Jumapili, 15 Septemba 1957
(Mfunguo Tano)

Mpendwa dada yangu Shamsiya,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine umpe shemeji, asije akasema nimemruka. U hali gani huko Tabora? Goti lako lasemaje? Umelikanda kwa mafuta ya nazi kama nilivyokwambia, au bado unamsikiliza yule mganga wako wa majivu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila bwana wangu ana mafua yake ya kila mwaka, na mie sauti imenikauka kabisa. Sababu ya kukauka utaikuta huku chini, usiruke mistari.

Asali uliyotuma imefika. Chupa moja ilipasuka ndani ya kikapu, asali yote ikanywewa na khanga. Basi tukaikamua khanga, wallahi hatukuiacha hata tone. Allah akuzidishie.

Haya, sasa kaa kitako. Najua maneno yameshakufikia kabla ya barua hii, maana maneno hayangoji stempu. Ati mwanao Thuwaini kaiba ushindi wa magari. Dada, mie nilikuwapo kwa macho yangu haya. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, halafu uamue mwenyewe.

Mwaka huu pwani nzima imeingiwa na wazimu wa magari. Toka kaskazi wanashindana, mara kwenda Moa, mara Korogwe na kurudi, na kila anayefika anaandikiwa alama zake. Ilipobaki mbio ya mwisho, wawili wako juu na alama zao sawasawa. Mmoja Thuwaini wetu, na lile Moris la bwana wangu. Wa pili Asheri, Mbondei, dereva wa shamba la mkonge, na Pijo la meneja wake. Huyo Asheri ni mtoto wa Lea, jirani yangu ukuta kwa ukuta, yule Mlutheri ninayekunywa naye kahawa kila siku. Basi fikiria hali yetu!

Ya mwisho ilikuwa kutoka Tanga mpaka Pangani, uvuke mto, umalizie Bweni, juu kilimani, penye mstari wa chokaa. Atakayeuvuka mstari kwanza ndiye bingwa wa pwani, na kikombe ni chake.

Lakini juu ya kikombe kulikuwa na jambo kubwa kuliko kikombe. Ile posa uliyotutuma kwa Ami Marhun, kumposea Thuwaini binti yake Zeyana, tulishaipeleka. Marhun hakusema ndiyo, hakusema siyo. Unamjua, mtu ukimwuliza saa, anafikiri kwanza. Alisema tu, "Nitamtazama kijana." Na Jumapili ile na yeye akavuka Bweni, kanzu nyeupe, kilemba, fimbo, akasimama pale pale penye chokaa, amtazame.

Mie na Lea tulishafika toka jana yake, tumelala kwa binamu yetu. Asubuhi tukakaa na wanawake wenzetu juu kilimani, mto wote tunauona, na Pangani ng'ambo. Tuliyasikia kabla ya kuyaona, dada. Ngurumo kama ya mvua ya masika, na vumbi likapanda juu kuliko minazi. Kuku wa Bweni wakaingia majumbani wenyewe. Mie mwili ukanisisimka mpaka kwenye nywele. Kumbe chuma kinaweza kulia namna ile!

Asheri akaingia pantoni kwanza. Thuwaini akaingia nyuma yake, pua ya Moris inanusa mkia wa Pijo. Wewe uliondoka tukivuka kwa mitumbwi, kwa hiyo nikueleze. Pantoni hii ni kama sakafu inayoelea. Imeshikwa kwenye waya uliopita mto mzima kwa ndoana mbili, moja mbele, moja nyuma, na watu wanauvuta waya kwa mikono huku wanaimba. Gari linaingilia huku, linatokea huko. Wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Basi Asheri alikuwa keshashinda, na Lea alishaanza kulia kwa furaha begani kwangu. Mie nampigapiga mgongo, na moyoni nimenuna.

Sasa siku hiyo ilikuwa bamvua, na maji yanapwa kwa nguvu, mto mzima unakimbilia baharini. Walipofika katikati, ile ndoana ya mbele ikachomoka. Subhanallah! Pantoni ikashikwa kwa nyuma peke yake, kama mlango kwenye bawaba, na maji yakaisukuma mbele yote ikageuka, taratibu, taratibu, na magari mawili juu yake yametulia kama ng'ombe wanaopelekwa kuogeshwa. Uweso, msimamizi wa pantoni, ndiye peke yake anasikika, "Vuteni! Mnavuta waya au mnabembeleza mtoto?"

Wakavuta. Na kwa kuwa mkia ndio ulioshikwa, mkia ndio uliofika Bweni. Umeelewa, dada? Aliyekuwa nyuma sasa yuko ukingoni, na Asheri wa kwanza yuko huko mtoni nyuma yake. Na magari yote mawili yameupa mlima mgongo, yanatazama Pangani yalikotoka!

Hapo sijui nikuandikie nini, mie kalamu yangu ya madrasa. Thuwaini akawasha Moris, akageuza shingo, akatoka pantoni kinyumenyume, na asisimame! Akaushika mlima ule ule kinyumenyume. Asheri naye nyuma yake, kinyumenyume. Magari mawili yanapanda kilima cha Bweni kwa matako, yanaunguruma, mawe yanaruka, na wala hayakugusa mtu wala ukingo. Wanawake tukapiga vigelegele bila kujua tunampigia nani. Lea kanikamata mkono mpaka leo una alama. Moris likauvuka mstari kwa mkia, Pijo likafuata, sijui hata kama ungeweza kupitisha mbuzi katikati yao.

Zogo, dada! Waamuzi walikuwa watatu, Mzungu wa mkonge, Mhindi mwenye duka la vipuri, na mwalimu mmoja. Wakamtangaza Thuwaini. Watu wa Asheri wakawazunguka. Wakautangua ushindi. Watu wetu wakawazunguka. Mwisho wakasema hukumu itatolewa Alhamisi, Tanga, wakaingia motokaa yao wakakimbia.

Na Ami Marhun akagonga fimbo chini, akasema watu wote wanasikia, "Mkwe wa kuingia mlangoni kwa mgongo mie simtaki." Akaondoka. Nilimwona Thuwaini uso ukamwanguka. Kikombe alikuwa hajakifikiria hata kidogo.

Wiki hiyo Tanga haikufanya kazi. Sokoni ni hayo, misikitini wakitoka ni hayo, kanisani kwa kina Lea ni hayo. Kinyozi wetu alimwacha mtu nusu ya kichwa, akatoka nje kubishana, na yule wa nusu kichwa akatoka na yeye kumjibu. Wengine ati Uweso ndiye aliyeichomoa ndoana makusudi. Uweso kaapa kwa misahafu yote, akasema, "Ningekuwa naweza kuuamrisha mto, ningekuwa navuta waya mie?"

Mie na Lea ndio usiseme. Asubuhi tu nimemkuta anafagia, nikamwambia, "Mwenye kufika kafika, mwenzangu."

Akasema, "Kafika na nini? Mtoto hutanguliza kichwa, Bi Turkiya. Hata wewe uliye mbishi ulitanguliza kichwa."

Nikamwambia, "Na anayetanguliza miguu, mamake humrudisha ndani?"

Akacheka mpaka ufagio ukamwanguka. Halafu akauokota, akasema, "Lakini mwanangu aliingia mbele. Hilo unalijua." Nikalijua, dada. Nikaenda zangu kupika.

Watu wetu wote walishika neno moja, kwamba pale Bweni pantoni inapotia ukingoni hapana nafasi, Thuwaini angempisha Asheri vipi? Apae? Walilisema mpaka mie nikaliamini, ingawa nilipaona kwa macho yangu.

Alhamisi ukumbi ukajaa, wanaume ndani, mie na Lea tumeng'ang'ania dirisha moja kwa nje, Lea kanisimamia juu ya mguu. Marhun alikuwa ndani, mstari wa mbele, kidevu juu ya fimbo. Mzungu akasoma kanuni zake, kanuni hazijui habari ya pantoni kugeuka. Ndipo yule mwalimu akamwuliza Thuwaini, "Kijana, ulipotoka pantoni, ulikuwa na nafasi ya kumpisha mwenzako?"

Watu wetu wakaitikia kwa pamoja, "Hapana!"

Thuwaini akangoja wanyamaze. Akasema, "Nafasi ilikuwapo. Kulia kwangu, pale mchangani, gari moja lingekaa. Nilipaona."

Mwalimu akamwuliza tena,

"Kwa nini hukumpisha?"

"Nilikuwa nashindana, bwana."

Ukumbi ukapasuka, wanaocheka wanacheka, wanaolia wanalia. Asheri akasimama, nikadhani anakwenda kumpiga. Akasema, "Na mie ningekuwa yeye nisingempisha. Ningemwachia moshi wangu aule." Wakashikana mikono mbele ya watu, yale mabaradhuli mawili.

Basi hukumu ikatoka hapo hapo. Kwa kuwa nafasi ilikuwapo na mwenyewe kakiri, mpangilio wa kuingia pantoni urudi, na kikombe apewe Asheri. Kwa neno lake mwenyewe mwanao kalipoteza kombe! Marhun akainuka akatoka bila kumsalimia mtu. Mie nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Nikasema, kombe limekufa na posa imekufa. Lea ananishika mkono, na yeye analia, ingawa ndiye aliyeshinda.

Ijumaa Lea akaja na kitu kakifunika na khanga. Kombe. Akanipa nilishike. Zito, dada, kama mtoto anayeanza kukaa, na linang'aa mpaka niliona uso wangu umevimba. Nikamwambia, "Mwanao halali yake." Akaniambia, "Na wako ukweli wake." Tukanywa kahawa. Halafu tukaanza kubishana tena.

Sasa sikiliza ya jana, maana hii ndiyo sababu ya barua.

Jana asubuhi nafungua mlango, namwona Ami Marhun amesimama barazani. Kanzu, kilemba, fimbo. Hakutaka kahawa. Akasema, "Yuko wapi yule dereva?" Thuwaini akatoka mbio, akaubusu mkono wake, "Shikamoo ami." Marhun akamwitikia. Akasema, "Alhamisi nilisikia mdomo wako ukisema kweli. Mlima nimeuona, lakini sijauamini. Nipeleke."

Mie sikukubali kuachwa, nikapanda nyuma. Pantoni safari hii ilikwenda sawa, Uweso anatutupia jicho tu. Tulipotia Bweni Thuwaini akaligeuza gari pale pale mchangani, pale penye nafasi, likautazama mto. Akaweka mkono nyuma ya kiti cha Marhun, akageuza shingo. Uso wake ukawa karibu na wangu, ananitazama bila kuniona, anatazama njia kwenye kioo cha nyuma. Dada, yale ni macho ya marehemu baba, akitia uzi kwenye sindano. Sikuwahi kuyaona kwa mtoto yule mpaka jana.

Halafu tukapanda. Yarabi! Mlima unatuvuta kwa mgongo, na mto mbele yetu unashuka, unashuka, unapanuka, nikaona Pangani nzima na bahari yake, kila kitu kinatuaga. Nimepanda kilima kile toka utotoni, na hata siku moja sikujua kuwa nyuma yangu kuna uzuri namna ile. Nilisahau kuogopa. Nilisahau hata kupiga kelele, muulize yeyote anijuaye kama hilo limewahi kutokea.

Juu, Thuwaini akasimamisha. Kilemba cha Marhun kimekaa upande. Mie nasoma kila aya niijuayo. Mwisho akakirudisha kilemba chake vizuri, akasema, "Rudia."

Tukashuka, tukapanda tena. Safari ya pili nilimwona anatabasamu, wallahi, Marhun, meno yote!

Tulipovuka kurudi, pale pale juu ya pantoni, akamwambia Thuwaini, "Mwandikie mama yako aje. Sitaki kumwoza binti yangu na mama wa bwana harusi yuko Tabora." Mie ndiye niliyejibu, kwa kigelegele, na wavuta waya wakaitikia. Ndipo sauti ilipokauka, kama nilivyokuahidi utaikuta huku.

Kwa hiyo dada, funga mizigo. Mfunguo huu haufai na ujao ni Maulidi, lakini Mfunguo Saba hatungoji tena. Lea keshasema wali wa harusi ni wake, na kombe litawekwa katikati ya sinia, watu walitazame na wabishane wanavyotaka. Ukija na asali, funga chupa vizuri.

Thuwaini anakusalimu sana, kakataa kuandika mwenyewe, anaona haya. Nisalimie shemeji, mnisalimie na Haji na wanawe, na bibi yule wa jirani yako mwenye mbuzi. Bwana wangu anakusalimu kati ya chafya na chafya. Allah akulinde njiani, gari moshi na basi vikufikishe salama. Thuwaini atakupokea na lile Moris, na nimemwapisha kwamba wewe na goti lako atakuendesha polepole, na kwa mbele.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja mlangoni,
Turkiya