Nyavu Mbili na Mihogo ya Béa

Jumatatu, 3 Novemba
Nimerudi kutoka soko la Likasi kwa miguu, nikisukuma baiskeli. Mnyororo tena. Upande wa mashariki wa bwawa letu bado umefungwa, mwaka wa pili sasa. Mimi, rais wa kamati ya bwawa, ndimi niliyewabembeleza wavuvi wasiuguse ili samaki wazaane. Jumapili chifu ataamua kama utaendelea kufungwa. Ukifunguliwa, samaki wadogo wote wataishia kwenye sufuria. Naogopa.

Jumanne, 4 Novemba
Jaribio mbele ya chifu. Wavu mmoja ndani ya eneo lililofungwa, kwenye matete. Mwingine nje, kwenye tope. Wa ndani umejaa tilapia. Wa nje umetoa kandambili. Ya mguu wa kushoto. Nimecheka hadi nikapaliwa, kisha nikarudi nyumbani nikitembea kama askofu.

Kalenga, kaka wa mke wangu, hakucheka. "Beau-frère, mu matete samaki iko tangu zamani! Ni Mungu njo aliwatia, si kamati yako."

Wivu tu.

Jumatano, 5 Novemba
Si wivu. Kalenga amesema kweli, mshenzi yule. Kwenye matete kuna kivuli na chakula, kwenye tope hakuna kitu. Nimelinganisha jiko na uwanja wa mpira. Nimenyamaza, maana chifu ameshanipongeza.

Alhamisi, 6 Novemba
Kalenga amedai jaribio lake. Ametega nje, ukingoni, alipopenda mwenyewe. Kambale wanene, wavu karibu upasuke! Watu wameimba. Chifu amenitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu. Sasa wote wanataka kufungua. Nimeona aibu, sikula.

Ijumaa, 7 Novemba
Vita nyumbani. Béa, mke wangu, amerudi bila mihogo ya bukari, ugali wetu. Gunia la mihogo aliloloweka ukingoni limeraruliwa na wavu wa kaka yake.

"Pale njo bamama tunalobekaka mihogo! Samaki banakuyaka kukula kila siku. Bukari itatoka wapi?"

Nimemkumbatia. Amedhani nimelewa. Kumbe kambale wa Kalenga walikuwa wageni wa chakula chetu!

Jumamosi, 8 Novemba
Nimemweleza chifu yote, hata kosa langu la matete. Kalenga amefurahi kupita kiasi. Tumetega upya: matete ya ndani kwa matete ya nje, tope kwa tope, mbali na mihogo yoyote. Akina mama wamekagua kwanza, kwa ukali.

Kwenye matete, ndani kuna samaki wengi zaidi, tena wakubwa. Kwenye tope, ndani na nje ni sawa: hakuna kitu. Na sehemu kubwa ya eneo nililofunga ni tope. Nimelinda matope kwa bidii.

Jumapili, 9 Novemba
Chifu ameamua. Matete yanabaki yamefungwa, tope linafunguliwa. Nimeshukuru, ingawa moyo umeuma kidogo.

Baada ya misa Kalenga amekula kwetu. Béa amempa bukari ndogo, adhabu ya gunia.

Jioni nimemwona Kalenga kwenye mtumbwi wake, peke yake. Amefika kwenye matete yaliyofungwa, akautoa wavu majini, akayazunguka kwa mbali.